Mashine ya sukari na sensa nyingine za kielektrokemia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mombasa

Ukurasa huu unawahudumia watu wa aina mbili: wanaopima sukari nyumbani au zahanati, na wanafunzi na mafundi wa maabara wanaotaka kutengeneza sensa yao wenyewe. Tumewaweka pamoja kwa sababu kemia ni ileile, na anayeielewa hadanganywi ovyo na namba ya kwenye kioo. Wa maabara wanaweza kuanzia swali la 12. Uamuzi wa dawa na kipimo cha insulini ubaki kwa daktari wako.

## Misingi

1. Sensa ya kielektrokemia ni nini?

Ni kifaa kinachoitambua molekuli moja katikati ya nyingine nyingi, kisha kikaigeuza kuwa mkondo wa umeme unaopimika. Kazi ya kutambua hufanywa na kimeng'enya, kingamwili au kipande cha DNA. Kazi ya kugeuza hufanywa na elektrodi, yaani kipande kidogo cha kaboni, dhahabu au platini. Saketi husoma mkondo huo na kuutafsiri kuwa namba.

Molekuli ndogo tunazozungumzia hapa ni kama glukosi, laktati, asidi ya yuriki, kreatinini, dopamini na histamini. Glukosi ina uzito wa daltoni 180 na histamini 111, ilhali kimeng'enya chenyewe kinachoikamata glukosi kina zaidi ya daltoni 150,000.

2. Tone la damu linageukaje kuwa namba?

Itazame stripu kwa karibu. Kwenye ncha kuna mfereji mwembamba unaovuta damu wenyewe, kati ya mikrolita 0.3 na 1. Sakafu ya mfereji huo imepakwa utando mkavu wenye vitu viwili: kimeng'enya, na kemikali ya kubeba elektroni, ambayo mara nyingi ni ferisianidi. Damu ikiingia, utando unayeyuka. Kimeng'enya cha glukosi oksidasi kinainyang'anya kila molekuli ya glukosi elektroni mbili, na glukosi inabaki glukonolaktoni. Ferisianidi inazipokea elektroni hizo na kuwa ferosianidi. Baada ya sekunde chache mashine inaweka volti ndogo, ferosianidi inazikabidhi elektroni kwa elektrodi, na mkondo wa mikroampea chache unapita. Glukosi ikiwa nyingi, mkondo nao unakuwa mkubwa.

Wazo la kuweka kimeng'enya juu ya elektrodi lilitolewa na Leland Clark na Champ Lyons mwaka 1962. Mashine ya kwanza ya kuuzwa ilikuwa ya maabara, mwaka 1975. Ile ya kubeba mfukoni ilitoka mwaka 1987, baada ya watafiti kupata mbebaji wa elektroni asiyehitaji oksijeni.

3. Kwa nini stripu za mashine moja hazifai kwenye nyingine?

Kila kampuni ina kimeng'enya chake, mbebaji wake na volti yake. Hata zikiingia kwenye tundu, hesabu ya kugeuza mkondo kuwa namba ni tofauti. Mashine za zamani huomba pia namba ya msimbo iliyo kwenye kichupa. Ukifungua kichupa kipya bila kuibadilisha, kila kipimo kitakuwa na kosa lilelile.

4. Mashine yangu inaonyesha 126. Nimekwisha?

Huenda inasoma mg/dL badala ya mmol/L. Kenya tunatumia mmol/L, lakini mashine nyingi zinazoletwa na jamaa kutoka Saudia au Marekani husoma mg/dL. Gawanya kwa 18: 126 ni 7.0. Andika kipimo pamoja na kizio chake kwenye daftari la kliniki, kila mara.

## Kupima nyumbani na zahanati

5. Nipime vipi nipate namba ya kuaminika?

Osha mikono kwa sabuni na maji, ukaushe kabisa. Toboa ubavu wa kidole, sio ncha yenyewe. Ubavuni maumivu ni machache na damu inatoka vizuri. Usikamue kwa nguvu, kwa sababu unatoa maji ya mwilini pamoja na damu na kuizimua. Gusisha ncha ya stripu kwenye tone na uiache ivute. Usiongeze tone la pili baada ya stripu kuanza kuhesabu.

Hatua ya kuosha mikono ndiyo inayopuuzwa, na ndiyo inayoleta balaa. Piga hesabu: mikrolita 0.5 ya damu yenye 5 mmol/L ina mikrogramu 0.45 tu za glukosi. Ukishika tende, asali au glukosi ya unga, na mikrogramu moja ikabaki kidoleni ikaingia kwenye tone hilo, kipimo kinapanda kwa takriban 11 mmol/L. Mtu mwenye 5 anasoma 16 na kujidunga insulini asiyoihitaji. Embe na machungwa yana glukosi pia. Pamba ya spiriti haitoshi kuondoa sukari ya matunda, na spiriti isipokauka inaharibu kipimo. Kama hakuna maji, futa tone la kwanza kwa pamba safi na upime la pili.

6. Nimepima mara mbili mfululizo, nikapata 7.2 kisha 8.1. Ipi ya kweli?

Zote mbili zinakubalika. Kiwango cha kimataifa cha ISO 15197 cha mwaka 2013 kinataka asilimia 95 ya vipimo viwe ndani ya asilimia 15 ya thamani ya maabara, sukari ikiwa 5.55 mmol/L au zaidi. Chini ya hapo, tofauti isizidi 0.83 mmol/L. Kwa hiyo sukari ya kweli ya 8.0 inaweza kusomeka popote kati ya 6.8 na 9.2. Mashine hii inakuonyesha mwelekeo na hatari. Kutangaza kwamba mtu ana kisukari ni kazi ya maabara.

7. Joto na unyevunyevu wa Mombasa unaharibu stripu?

Ndiyo, na hili ndilo tatizo kubwa la Pwani. Utando wa stripu umekaushwa kwa makusudi, kwa sababu kimeng'enya kikavu hudumu na chenye unyevu hufa. Kichupa kina kifyonza unyevu ndani yake, lakini kila ukikifungua, hewa ya hapa huingia na kukishibisha. Kikishiba, unyevu unahamia kwenye stripu. Kimeng'enya kikidhoofika, kipimo kinashuka. Ferisianidi ikianza kubadilika kabla ya damu kuingia, mkondo unaongezeka na kipimo kinapanda. Ndiyo maana stripu mbovu haina kosa moja la kuzoea.

Fungua, toa moja, funga mpaka kifuniko kilie. Usizihamishie kwenye mfuko wa plastiki, na usinunue stripu zilizotolewa kwenye kichupa ziuzwe moja moja. Andika tarehe ya kufungua juu ya kichupa. Aina nyingi hudumu miezi 3 hadi 6 baada ya kufunguliwa, hata kama tarehe ya kuisha muda iko mbali.

Nyingi huandikwa zisizidi nyuzi 30, na msimu wa kaskazi nyumba za mabati huvuka hapo mchana. Weka kichupa kwenye kabati la ukuta wa ndani, mbali na jiko na bafu, wala usikiache garini. Kukiweka juu ya mtungi wa maji si suluhisho: mtungi hupoza kwa maji kufuka, na hewa yetu yenye unyevu hairuhusu sana, ila unyevu utaupata. Friji nayo haifai kwa aina nyingi. Kichupa baridi kikifunguliwa kwenye hewa ya joto, matone ya maji hutanda ndani palepale.

Ukitoka kwenye chumba chenye eyakoni, iache mashine nje kama dakika 20 kabla ya kupima. Ina kipimajoto ndani na hutumia joto hilo kusahihisha hesabu. Mashine ikiwa baridi na damu ikiwa ya moto, inasahihisha visivyo.

8. Nitajuaje kama stripu zimeharibika?

Tumia kimiminika cha ukaguzi cha kampuni hiyohiyo. Tone lake lina glukosi inayojulikana, na masafa yanayokubalika yameandikwa kwenye kichupa cha stripu. Kagua kila ufunguapo kichupa kipya, mashine ikianguka, au namba zikikataa kulingana na unavyojisikia. Ikishindwa mara mbili, tupa kichupa kizima. Zahanati ikague kila siku ya kazi.

9. Mgonjwa ana upungufu wa damu au selimundu. Mashine inafaa?

Inafaa kwa tahadhari. Chembe nyekundu zikiwa chache, kemikali husafiri kwa urahisi ndani ya tone na kipimo husomeka juu kuliko ukweli. Zikiwa nyingi mno, kama kwa mtoto mchanga, husomeka chini. Mashine nyingine hupima na kusahihisha hili. Masafa yake yameandikwa kwenye karatasi ya maelekezo. Hatari iko kwa mtoto mwenye malaria kali: damu imepungua, sukari nayo inaweza kuwa imeshuka, na mashine inaonyesha yuko sawa. Dalili za kushuka sukari zikiwepo, zitibu hata kama namba inapendeza, na upeleke damu maabara.

Kwa mwenye selimundu, hata kipimo cha HbA1c, kile cha wastani wa sukari wa miezi kadhaa, hakitegemeki, kwa kuwa chembe zake hazidumu muda wa kawaida. Hapo daftari la vipimo vya kidole lina thamani kubwa zaidi.

10. Dawa gani zinaidanganya mashine?

Vitamini C ya kudungwa kwa wingi ndiyo kinara: inazitoa elektroni zake yenyewe kwenye elektrodi, na kipimo kinapanda bila glukosi. Parasetamoli kwa kiwango kikubwa hufanya vivyo hivyo kwenye baadhi ya aina. Stripu za kimeng'enya cha GDH-PQQ huichukua maltosi kana kwamba ni glukosi. Wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kupitia tumboni kwa maji ya ikodekstrini, ambayo mwilini huvunjika kuwa maltosi, wamewahi kufa kwa insulini iliyotolewa kwa namba hizo, na mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani ikatoa onyo. Stripu za glukosi oksidasi hazina shida hiyo, lakini mgonjwa aliyewekewa oksijeni anaweza kusomeka chini, kwa sababu oksijeni hushindana na ferisianidi kuzichukua elektroni.

11. Kujitoboa mchana wa Ramadhani kunafunguza? Na sensa ya kubandika mkononi je?

Wanazuoni wengi wanasema kupima sukari kwa kidole hakubatilishi saumu. Miongozo ya kisukari na Ramadhani inamtaka mgonjwa afungue mara moja sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L au ikizidi 16.7. Ikishuka, chukua gramu 15 za sukari, kama vijiko vitatu vya chai kwenye maji, upime tena baada ya dakika 15. Ukifungua kwa tende, kumbuka swali la 5 kabla ya kupima.

Sensa ya kubandika hupima maji ya chini ya ngozi, ambayo hufuata damu kwa kuchelewa dakika kadhaa. Sukari ikiwa inashuka kwa kasi, kidole kinasema kweli mapema. Hidroksiyurea, dawa ya selimundu, hupandisha usomaji wa baadhi ya sensa hizi; mwambie daktari.

## Kutengeneza sensa yako mwenyewe

12. Ninahitaji nini kuanza?

Potenshostati (kifaa cha kuweka volti na kusoma mkondo), elektrodi zilizochapishwa za kaboni, bafa (myeyusho unaodumisha pH), kimeng'enya, na pipeti mbili, ya mikrolita 10 na ya 200. Mwaka 2011 ramani ya potenshostati ya bei nafuu iitwayo CheapStat ilitolewa wazi, na mwanafunzi anayejua kulehemu anaweza kuiunda. Kwa molekuli ambazo kimeng'enya chake huzalisha haidrojeni peroksaidi, nunua elektrodi zenye rangi iitwayo buluu ya Prussia. Hiyo husoma peroksaidi karibu na volti sifuri, ambako vitamini C na parasetamoli hunyamaza. Platini inataka volti 0.6 hadi 0.7, na hapo kila kitu hupiga kelele.

Maji yawe yaliyoondolewa ioni. Maji ya visima vya kisiwani yana chumvi, na kloridi husogeza elektrodi rejea ya fedha (ile ya kulinganishia volti) kwa milivolti 59 kila ukolezi ukizidi mara kumi.

13. Nitajuaje elektrodi ni nzima kabla ya kupoteza kimeng'enya?

Tumia elektrodi tupu ya kaboni ya fungu hilohilo. Dondosha myeyusho wa ferisianidi na ferosianidi, milimola 5 kwa lita kila moja, ndani ya kloridi ya potasiamu 0.1 M (mola kwa lita). Zungusha volti kutoka −0.3 hadi +0.6 kwa milivolti 50 kwa sekunde. Utaona vilele viwili. Kinadharia vinaachana kwa milivolti 59. Kwenye kaboni iliyochapishwa, 100 hadi 150 ni kawaida. Vikiachana kwa 300, au vikiwa vilima butu, uso ni mchafu au sehemu ya kugusa imeshika kutu. Hewa ya bahari hula klipu za shaba upesi, basi zisugue kabla hujailaumu kemia.

14. Kimeng'enya kinawekwaje kikae?

Yeyusha glukosi oksidasi miligramu 10 kwa mililita kwenye bafa ya fosfeti, ongeza albumini ya ng'ombe kiasi hichohicho, kisha glutaraldehaidi hadi ifike asilimia 0.25. Changanya kwa upole, na ndani ya dakika chache dondosha mikrolita 2 juu ya duara la milimita 3. Acha ikauke nyuzi 4 usiku kucha, ndani ya chombo kilichofungwa chenye silika jeli. Juu ya meza Mombasa haikauki vizuri. Inabaki ikinata na kung'oka ukiiosha. Asubuhi suuza kwa bafa kuondoa kisichoshika.

Glutaraldehaidi ikizidi, inakifunga kimeng'enya mpaka kisiweze kufanya kazi. Ikipungua, kinaoshwa. Kila kundi jipya la elektrodi lifanyie majaribio ya viwango vitatu.

15. Nasawazisha vipi, yaani nioanishe mkondo na kiasi cha glukosi?

Tengeneza glukosi 1 M: gramu 18.0, ujaze hadi mililita 100. Iache usiku kucha kabla ya kutumia. Glukosi iliyoyeyushwa sasa hivi huwa karibu yote ni ya umbo la alfa, na kimeng'enya hiki hula umbo la beta. Baada ya saa kadhaa hutulia kwenye asilimia kama 64 ya beta. Wanaoruka hatua hii hupata mteremko (ongezeko la mkondo kwa kila mmol/L) wa leo usiofanana na wa kesho, wakaishia kuilaumu elektrodi.

Weka mililita 10 za bafa zikikorogwa, washa volti, subiri mkondo utulie, hata dakika 10. Ongeza mikrolita 10 za glukosi: hiyo ni 1 mmol/L. Rudia. Ngazi za mwanzo zitalingana, za juu zitapungua kimo kwa sababu kimeng'enya kimeshiba. Tumia sehemu iliyonyooka tu. Kiwango cha chini kinachotambulika ni mara tatu ya mtikisiko wa bafa tupu, ugawe kwa mteremko. Pima bafa tupu kwa elektrodi kadhaa tofauti, sio elektrodi moja mara nyingi.

Kwa buluu ya Prussia, bafa iwe ya potasiamu na pH isizidi 7. Kwenye pH 7.4 ya damu huyeyuka polepole, na mteremko hushuka siku hadi siku.

16. Mstari wangu unatetemeka. Nifanyeje?

Ukitetemeka mara 50 kwa sekunde, ni umeme wa ukutani. Fungia seli ndani ya debe la bati la biskuti, unganisha debe na ardhi ya potenshostati, fupisha nyaya, na utumie tarakilishi kwa betri. Zima feni na uisogeze jenereta. Ukiruka ghafla kisha kurudi, tafuta kiputo cha hewa au klipu iliyolegea. Ukiteleza polepole upande mmoja, joto la chumba linabadilika, au elektrodi rejea inakauka.

17. Tunataka kupima histamini kwenye jodari. Inawezekana?

Inawezekana, na kwa mji unaoishi kwa samaki ni kazi yenye faida. Jodari, nguru na vibua wakikosa barafu, bakteria hugeuza histidini kuwa histamini, na kupika hakuiondoi. Kikomo cha Codex, kanuni za kimataifa za chakula, ni miligramu 200 kwa kilo.

Saga gramu 5 za nyama kwenye mililita 45 za bafa, chuja. Samaki aliye kwenye kikomo atakupa takriban 0.18 mmol/L, kiwango ambacho sensa ya kimeng'enya cha diamini oksidasi inafikia bila jasho. Ukitoa kwa asidi, rudisha pH kwanza, la sivyo kimeng'enya kinakufa. Chukua nyama sehemu kadhaa, hasa karibu na tumbo na kichwa, kwani histamini haienei sawasawa. Na kimeng'enya hiki hula pia putresini na kadaverini. Kwa hiyo namba unayoipata ni jumla ya dalili za kuoza: inafaa kumkamata samaki wa kutiliwa shaka, lakini cheti cha kuuza nje kinahitaji kipimo cha maabara kamili.

18. Molekuli yangu haina kimeng'enya. Nitumie nini?

Molekuli ndogo haiwezi kushikwa na kingamwili mbili kwa pamoja, haina nafasi. Kwa hiyo kipimo cha kingamwili huwa cha ushindani: molekuli yako inagombania nafasi na nakala yenye alama, na mkondo hushuka molekuli inapoongezeka. Wengi huusoma kinyume mara ya kwanza.

Njia nyingine ni aptama, uzi mfupi wa DNA uliofungwa kwenye dhahabu kwa salfa, wenye rangi ya methilini buluu mwishoni. Molekuli ikiingia, uzi unajikunja, rangi inasogea kuelekea elektrodi au mbali nayo, na mkondo unabadilika. Kabla ya kununua aptama, soma ilichaguliwa kwenye bafa gani. Nyingi zinahitaji magnesiamu ili zijikunje, na bila hiyo zimelala tu.

19. Visindano, stripu na kemikali nitupe wapi?

Visindano viingie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, ikijaa robo tatu ipelekwe zahanati. Wakusanya taka hutia mikono kwenye mifuko, na kisindano cha mgonjwa mmoja kinabeba hepatitisi B hadi kwa mwingine. Kisindano hakishirikiwi, hata mume na mke. Zahanati isitumie kalamu moja ya kutobolea kwa wagonjwa tofauti, hata sindano ikibadilishwa.

Ferisianidi usiichanganye na asidi kali wala kuipasha moto pamoja nayo, kwani hutoa gesi ya sianidi. Ikusanye kwenye chupa yake yenye lebo, mbali na taka za asidi, uikabidhi kwa msimamizi wa maabara.